Mwaka huo uchukue, mwanangu

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwenye simu mara mbili, kisha nikamwambia mdogo wako aichape pale dukani niisome nikiwa na miwani. Huku hatujambo. Mguu wa bibi yako wa Kibosho umepata nafuu, na mvua imenyesha vizuri, migomba imenyanyuka.

Umeniuliza hivi. Chuo chenu huko Uingereza kinakuruhusu, ukishamaliza mwaka wa pili wa ubunifu wa grafiki, utoke darasani mwaka mzima ukafanye kazi kwenye kampuni, halafu urudi kumalizia. Miaka mitatu inakuwa minne. Wenzako watavaa majoho kabla yako, mdogo wako mwakani anaingia kidato cha tano, na mimi nabaki na duka letu la uchapaji peke yangu mwaka mwingine. "Mama, nichukue, au niache nimalize nirudi?"

Chukua. Nimetanguliza jibu usije ukasoma barua yote roho ikiwa juu. Ila sababu zangu si zile ulizoniandikia. Wewe unasema mwaka huo utakusaidia kupata kazi upesi baadaye, na huenda ni kweli. Mimi nilipoisoma barua yako nilikumbuka kadi za bluu.

Ulikuwa darasa la tatu, Novemba 2013. Unajua Moshi ikikaribia Desemba: watu wanarudi kutoka Dar na Mwanza na kila walikotawanyika, na kila Jumamosi mtaa mmoja una harusi mbili tatu. Kamati moja ililetwa kwangu na dereva wa Hiace wa Marangu. Walikuwa na rangi yao, bluu iliyokoza, na kitenge cha sare walishanunua. Nikatengeneza kadi kwenye kompyuta. Mama wa bwana harusi alisimama nyuma ya kiti changu, akaangalia kioo, akasema, "Hapo hapo, usiguse tena." Nikachapa kadi 400. Zilipotoka zilikuwa zambarau. Wala si bluu iliyofifia, ni zambarau kabisa, ile ya kanisani wakati wa Kwaresima.

Leo hilo unalijua hata usingizini, lakini mimi sikuwa na wa kuniambia. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake, kinachanganya nyekundu, kijani na bluu. Karatasi haina mwanga. Inasubiri rangi nne za wino, yaani samawati, majenta (ile pinki iliyokoza), njano na nyeusi. Bluu ya kiooni ikigeuzwa wino inatengenezwa kwa samawati na majenta, na majenta ikiikaribia sana samawati kwa wingi, bluu inahamia zambarau. Siku hizi majenta naiacha nyuma asilimia 30 hivi, na bluu inatulia. Siku ile nilikuwa najua mashine ya ofseti ya rangi moja tu, na kompyuta nilijifundisha mwenyewe usiku mkiwa mmelala.

Nilirudia kadi zote 400 kwa fedha yangu. Fedha hiyo ilikuwa ada yako. Januari ulirudishwa nyumbani ukakaa wiki mbili, ukaniuliza kwa nini, nikakuambia shule wamekosea orodha. Hawakukosea. Sijawahi kukwambia hilo mpaka leo.

Sasa unaelewa kwa nini nataka huo mwaka uupate. Kukosea utakosea, hakuna anayeijua kazi hii ambaye hajawahi kuchapa kitu cha kutupwa. Nataka ukosee ukiwa umekaa karibu na mtu aliyekwisha kukosea kabla yako, ambaye ataishika prufu yako, ile nakala ya majaribio, mkononi na kusema hapa simamisha, kabla mashine haijawashwa. Mimi nilijifunza kwa ada ya mtoto wangu, na ni somo la ghali.

Darasani kwenu wanafundisha vizuri, nimeona kazi zako. Lakini mwalimu ukimpelekea kijitabu cha kurasa 22 atakupa alama za ubunifu. Kwenye mashine kurasa 22 hazipo. Kijitabu cha kupigwa pini katikati kinakwenda nne nne, maana karatasi moja ikikunjwa ni kurasa nne, kwa hiyo ni 20 au 24, na hizo mbili zilizobaki lazima ujue utazijaza nini, mteja akiwa anakuangalia.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo alinijia na kipeperushi cha kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Kazi nzuri, picha ya Kibo imepangwa mahali pake, jicho linapanda nayo. Nikafungua faili. Maandishi yote madogo, bei na namba za simu, alikuwa ameyapa weusi uliochanganywa kwa rangi zote nne. Kiooni ni meusi kama kawaida. Kwenye ofseti kila rangi ina pleti yake, yaani bamba lake la kuchapia, na pleti moja ikisogea hata unywele mmoja, kila herufi inaota kivuli cha pinki upande mmoja na cha samawati upande mwingine, na namba ya simu haisomeki. Maandishi madogo hupewa wino mweusi peke yake, basi. Tena mlima wake ulikuwa umeishia sawasawa kwenye ukingo wa karatasi, hajaacha zile milimita 3 za ziada za kukatia. Kisu kikiyumba kidogo, unabaki mstari mweupe kileleni kama theluji imehamia mahali pasipo pake. Nikamwonyesha, tukakaa saa nzima tukarekebisha pamoja. Aliniambia amefanya fildi wiki nane na hakuna aliyewahi kumfungulia mashine. Si kosa lake. Wiki nane, mbili za kwanza unazoea watu, mbili za mwisho unaandika ripoti, kazi yenyewe unaigusa mwezi mmoja. Wewe unapewa miezi kumi na miwili.

Kuhusu mahali pa kwenda. Umeniandikia majina ya kampuni kubwa za matangazo, na nimeona jinsi ulivyoyaandika kwa hamu. Sikukatazi kuomba. Ila ningekuwa mimi, ningetafuta ofisi ndogo, ya watu watano au kumi, ambako mchoro ukitoka mkononi mwako unaufuata mpaka kwa mchapaji, na ambako siku mteja akija wanakuita nawe ukae mezani umsikie anavyolalamika. Kwenye ofisi kubwa mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka akipanga upya tangazo moja kwa vipimo thelathini. Atajua vipimo, lakini atakuwa hajasikia mteja akisema neno. Ukienda kwenye usaili waulize nani atakaa karibu nawe. Wakikutajia mtu, na kazi anayofanya, hapo pazuri. Wakikwambia utazunguka zunguka idara zote, uliza tena.

Na uliza malipo. Hapa nisikilize sana. Umenieleza kwamba sheria ya huko inayomlinda mfanyakazi kwa kima cha chini cha mshahara haimlazimishi mwajiri kumlipa mwanafunzi ambaye kazi ni sehemu ya shahada yake, ikiwa haizidi mwaka mmoja. Kwa hiyo wapo watakaokupa meza na kukwambia utajifunza mengi. Mimi nilianza 1991 kwenye kiwanda kimoja cha kuchapa hapa mjini, miezi saba nilifagia, nikakunja karatasi, nikasafisha rola kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikabanduka, na malipo yangu yalikuwa chai na mkate wa saa nne. Waliniambia nishukuru napewa ujuzi. Ujuzi nilipewa, na wao walipata kazi ya mtu mzima bure. Usikubali hivyo. Mwaka mzima wa kodi ya chumba na nauli katika mji wa Ulaya huwezi kuubeba kwa chai. Kama hawalipi, shukuru, ondoka, omba kwingine.

Jingine la kuuliza ni ruhusa ya kuonyesha kazi zako. Unachobuni ukiwa umeajiriwa huko, haki yake ni ya mwajiri mpaka mkubaliane vingine. Ukimaliza mwaka mikono mitupu, huna hata bango moja la kuweka kwenye mkoba wako wa kazi, umerudi nyuma. Omba iandikwe kwenye mkataba, hata kama ni kazi tano tu.

Mambo ya viza umeyaeleza vizuri, nayarudia ili tuwe na hesabu moja. Viza yako ilitolewa kwa miaka mitatu, kuongeza wa nne ni kuomba upya na kulipa ile tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Kikomo chenu wanafunzi cha kufanya kazi saa 20 kwa wiki hakiugusi mwaka huo, mradi kazi ni sehemu ya shahada na inapimwa. Basi chuo kikuandikie hivyo kabla hujakanyaga ofisi ya mtu. Ada ya mwaka huo ni sehemu ndogo ya ile ya kawaida, umesema. Tozo nimeshaitenga kutoka kwenye kalenda za mwaka huu. Na kampuni unaitafuta mwenyewe, usipoipata unaendelea na miaka mitatu kama zamani, kwa hiyo kujaribu hakukupotezei kitu. Kubwa zinapokea maombi tangu Septemba na Oktoba. Usingoje Krismasi ipite.

Ukifika hapo ofisini usijione mgeni asiye na cha kuchangia. Kiwanda kile nilipoanza, bado tulikuwa na kona ya herufi za madini ya risasi, kila herufi na kijisanduku chake kwenye kasha, unazipanga moja moja kinyumenyume mpaka jicho linazoea kusoma kama kwenye kioo. Makasha yalitoka Ulaya, yamejazwa kwa mahesabu ya Kiingereza, e zimefurika. Sisi tukipanga tangazo la mkutano wa kijiji, a zinakwisha ukurasa haujafika nusu. Na k zinafuata. Mzee aliyenifundisha alikuwa anabadilisha sentensi, anatafuta neno lenye a chache, ili tangazo litoke jioni hiyo. Wateja hawakujua kamwe kwa nini mkutano "utafanyika" leo, na kesho "upo".

Makasha hayapo tena lakini tatizo lile lile limehamia kwenye kompyuta. Programu iliyowekwa Kiingereza ikikata neno mwisho wa mstari inaandika "nyum-ba". Mtoto wa darasa la kwanza wa hapa Majengo anajua ni "nyu-mba". Kila siku nakutana nalo kwenye vijitabu vya semina. Na bango la bucha pale karibu na stendi, ulilolipita miaka yote: aliyeliandaa aliweka pengo pana upande huu na upande huu wa ile koma ya juu, watu wanasoma "ng" kwanza, wanavuta pumzi, ndipo wanasoma "ombe". Wewe jicho lako linauma ukiona hivyo. Limeuma tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unanishika mkono unaniambia, mama, herufi zimegombana. Hilo hawakukufundisha huko, ulikwenda nalo. Na kanga za bibi yako ndizo zilizokufundisha pindo na mji kabla hujasikia neno mpangilio.

Kuhusu mdogo wako, ada yake ni yangu. Sikukusomesha ili uwe mzazi wa pili. Anamaliza mtihani Novemba, na miezi ile ya kungoja matokeo atakaa na mimi dukani. Mashine ya kukatia ameshaanza kuijua, namba za vitabu vya risiti anazipiga vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwaka mmoja nitauvuka.

Nimesikia wanavyosema mtaani, kwamba mtoto akionja mshahara wa huko harudi. Nimelala na hilo neno usiku kadhaa, sitakudanganya. Nataka urudi. Nataka siku moja kwenye mlango wa duka pawe na jina lako, limeandikwa na wewe. Lakini sitataka urudi kwa kukatishwa, ukafika hapa na shahada na bado ukalazimika kujifunza rangi kwa ada ya mtoto wako.

Andika hizo barua za maombi wiki hii, na ya kwanza nitumie niisome kabla hujaipeleka, hata kama ni ya Kiingereza, mdogo wako atanisaidia. Na siku kazi yako ya kwanza huko itakapochapwa, usinipigie picha kwa simu. Iweke kwenye bahasha, itie posta, sanduku letu la barua ni lile lile. Nataka niishike, nipitishe kidole kwenye wino, nione bluu yako imetokaje.

Bibi anakusalimu. Amesema uvae soksi.

Mama yako