Maabara ya chumbani Nkuhungu, na kwa nini usiguse mfumo wa chuo chako

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma hapa hapa Dodoma aliniandikia: "Kaka habari za majukumu. Nimeshaweka Kali kwenye kompyuta yangu, video nimeangalia mpaka basi. Sasa nianze na mfumo gani wa hapa bongo? Nilikuwa nafikiria ule wa matokeo wa chuo chetu, naona kama una udhaifu."

Nilimjibu "usiguse", nikafunga simu. Baadaye roho ikanisuta, kwa sababu swali hili naulizwa kila mara, na wanaouliza si wahuni. Ni vijana wenye akili na hamu ya kujua, wamejaza zana kwenye kompyuta (hiyo Kali ni Linux iliyojaa zana za kupimia usalama) na hawana pa kuzitumia. Mimi nilishakuwa huko. Basi mdogo wangu, jibu lako kamili hili hapa, na wengine msome.

Tuanze na sheria tuimalize. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyoipata kama hiyo ndiyo kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kusema "nilitaka tu kuwasaidia waone udhaifu wao" hakukuokoi. Ruhusa ninayoizungumzia ni karatasi iliyosainiwa na mwenye mfumo, inayotaja anwani zipi upime, tarehe zipi na mwisho wako wapi. Rafiki yako wa kitengo cha TEHAMA akikwambia "wewe jaribu tu", hiyo haihesabiki. Siku ya siku atakukana.

Kwa hiyo unaanzia chumbani kwako.

Mimi nilikuwa nimepanga Nkuhungu, hapa Dodoma, nyumba ya wapangaji wengi, Luku moja. Kompyuta yangu ilikuwa ThinkPad ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na betri iliyochoka, ukichomoa chaja tu inaanza kulalamika. Niliweka VirtualBox, na ndani yake mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Ya kwanza Kali, ya kushambulia. Ya pili Metasploitable 2, ya kushambuliwa. Hii ya pili ni Linux iliyojazwa makosa kwa makusudi ili watu wajifunzie, imetolewa na Rapid7, hao hao wenye Metasploit, ile zana yenye mashambulio yaliyo tayari. Ndani yake kuna Ubuntu 8.04, mfumo wa zamani, na jina la kuingilia ni msfadmin, nywila nayo msfadmin. Kali niliishusha kwa bando la usiku huku nikiomba umeme usikatike.

Mambo ya kuwasha VT-x kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta ili ikubali mashine pepe, nayaruka, yapo kila mahali. Ila kuna kitu kimoja kinachowatoa jasho karibu wote wanaoniandikia, acha nikiseme. Ukiziacha mashine zako kwenye mpangilio wa kawaida wa VirtualBox, ule wa NAT, utaangalia anwani ya Kali utaona 10.0.2.15. Utaangalia ya Metasploitable, nayo 10.0.2.15. Watu wanadhani kompyuta imeharibika. Haijaharibika. Kila mashine imefungiwa kwenye mtandao wake peke yake, haimwoni jirani, na ukiipigia pingi anwani hiyo kujaribu kama inajibu, unajipigia mwenyewe. Ziweke zote mbili kwenye Host-only, mtandao wa ndani ya kompyuta yako tu, zitapata anwani zinazoanza na 192.168.56, na zitaonana. Na tafadhali sana, Metasploitable usiiweke Bridged. Ukifanya hivyo umeipeleka kwenye waifai ya hosteli nzima, na mwenye Kali chumba cha pili ataingia humo kabla yako.

Mama mwenye nyumba hakunielewa kabisa. Usiku wa manane taa yangu inawaka, feni ya kompyuta inavuma, na uniti za Luku zinapungua. Asubuhi moja nikampa shikamoo yangu, akaitikia, halafu akaniweka kitako pale barazani. "Mwanangu, nikuulize kitu usinifiche. Isije ikawa wewe ndiye unayetuma zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii." Nikacheka, yeye hakucheka. Nikaleta kompyuta nikamwonyesha skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana kwenye tamthilia wezi wa benki wote wana skrini ya namna hiyo. Tulikubaliana niongeze mchango wa Luku kila mwezi, yakaisha.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, maana ndilo lililonitoa.

Wengi wakishaweka Metasploitable wanafungua Metasploit, wanaandika jina la shambulio waliloliona kwenye video, wanapiga exploit, wanapata ganda la amri (mahali pa kuiamrisha mashine kwa maandishi), wanapiga picha ya skrini na kuiweka status. Kesho wanatafuta mashine nyingine. Mimi niling'ang'ania poti moja tu, yaani mlango mmoja wenye namba ambao huduma hupitia, poti 21 ya FTP, huduma ya kuhamisha mafaili, mpaka wenzangu wakanicheka.

Nmap, zana ya kukagua poti zilizo wazi, ukiipa -sV inakwambia pale poti 21 kuna programu ya FTP iitwayo vsftpd 2.3.4. Niliiacha Metasploit pembeni nikafanya kwa mkono. Unafungua terminali, unaandika nc (Netcat, zana ya kuunganisha moja kwa moja kwenye poti) na anwani ya mashine na 21. Inakujibu "220 (vsFTPd 2.3.4)". Unaandika USER juma:) yaani jina lolote likifuatiwa na nukta mbili na mabano ya kufunga, kile kikatuni cha tabasamu. Inakuomba nywila, unaandika PASS na chochote. Halafu kimya. Hakuna jibu, hakuna kosa, kishale kinapepesa tu. Hapo ndipo anayefuata video bila kuelewa anadhani imeshindikana. Fungua terminali ya pili, unganisha poti 6200. Kimya tena. Sasa andika id, upige enter. Inarudi uid=0(root). Uko ndani, na ni mkuu wa mashine nzima.

Nilikaa pale nikajiuliza: kwa nini tabasamu? Nikaenda kuitafuta historia. Mwishoni mwa Juni 2011 mtu alifanikiwa kubadilisha faili la vsftpd 2.3.4 kwenye seva rasmi ya kupakulia, na kwa siku chache waliolishusha walishusha na mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia, ndani yake. Tarehe 3 Julai 2011 mtunzi wake, Chris Evans, akatoa taarifa. Nikatafuta na msimbo wenyewe, maandishi ya programu. Kuna mstari mdogo tu uliochomekwa, unaangalia kama kwenye jina la mtumiaji kuna baiti 0x3a ikifuatiwa na 0x29. Hizo ndizo nukta mbili na mabano. Zikipatikana, inaitwa sehemu nyingine ya msimbo inayofungua poti 6200 na kumkabidhi anayeunganisha ganda la amri. Na jambo lililonikaa kichwani: saini ya kidijitali ya faili lililochezewa haikulingana na ya mtunzi. Aliyehakiki saini aligundua. Asiyehakiki aliweka mlango kwenye seva yake kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo sishushi Kali bila kuhakiki namba ya SHA256, ambayo hubadilika faili likichezewa, hata kama bando linakata.

Nikawasha Wireshark, zana ya kutazama mawasiliano ya mtandao, nikatazama pakiti zikipita. Nikaingia kwenye Metasploitable nikatazama shambulio linaonekanaje kwa mwenye seva. Halafu nikaifunga poti 6200 kwa iptables, faiawali ya Linux inayozuia mawasiliano, nikajaribu tena. Jina lenye tabasamu likapokelewa, mlango ukafunguka ndani kwa ndani, lakini mimi wa nje siufikii. Hapo nikalazimika kutafuta njia nyingine, nikahamia Samba 3.0.20, programu ya kushirikiana mafaili iliyoko humo humo, yenye lile tatizo la usalama lililosajiliwa kwa namba CVE-2007-2447, ambalo linakuwezesha kuiagiza seva yenyewe ianzishe muunganisho kuja kwako. Kila hatua niliandika kwenye daftari la kaunta: nimefanya nini, nimeona nini, kwa nini, mwenye mfumo arekebishe vipi. Kila kitu. Andika, mdogo wangu. Andika hata lile ambalo halikufanya kazi.

Nilipomaliza chuo nikaitwa usaili kwenye taasisi moja, siitaji. Kwenye CV nilikuwa nimeandika kuwa ninaendesha maabara ya kupima usalama wa mifumo. Mmoja wa wasaili akauliza, "Hii maabara iko wapi?" Nikasema iko chumbani kwangu, mheshimiwa. Wakatazamana. Akauliza tena, "Nani alikuwa anakusimamia?" Nikasema hakuna. Akafunga faili langu. "Kijana, hapa tunatafuta mtaalamu, si mtu wa kucheza gemu chumbani." Wengine wakacheka kwa adabu, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa. Hakuna aliyeniuliza nimepima nini. Hakuna aliyefungua kurasa nilizoziambatanisha nyuma, nilizozichapa kwa hela ya kula. Nilitembea kutoka pale hadi Nyerere Square na ile bahasha mkononi, jua la Oktoba na vumbi lake, nikakaa kwenye benchi. Nasema tu ukweli, bado inaniuma. Nikisikia mtu anatamka neno "gemu" kwa sauti ile ile, mwili unasisimka.

Mwezi huu nimesaini mkataba wangu wa kwanza wa kupima mifumo ya kampuni, kwa malipo, na kwa ile karatasi ya ruhusa niliyoisema hapo juu. Hawakuniuliza cheti. Waliomba sampuli ya ripoti, nikawapa ile ya poti 21, ile ile iliyokuwa kwenye bahasha. Mkuu wao wa ufundi, dada mmoja makini sana, aliisoma yote mbele yangu akaniuliza swali moja: "Kama faiawali ingekuwa imefunga 6200, ungefanya nini?" Nilimweleza ya iptables na ya Samba kama nilivyoyafanya. Akageuza ukurasa, akayakuta yameandikwa.

Ndiyo maana siwaelewi vijana wanaokusanya mashine kama vocha zilizokwisha kukwanguliwa. Ukimwuliza umejifunza nini, anakutajia idadi. Kaa na mashine moja. Kaa nayo mpaka uweze kuishambulia, kuirekebisha na kumweleza asiyejua kompyuta hatari iko wapi. Nmap yenyewe watu hawaimalizi: kwa kawaida inakagua poti 1,000 tu zinazotumika sana, kati ya zote 65,535. Kwenye Metasploitable hiyo hiyo kuna huduma iitwayo distcc pale poti 3632, haitaonekana mpaka uipe -p- ipitie zote. Mvivu anasema amemaliza mashine na hajaiona. Kazini mvivu huyo ataandika kwenye ripoti kwamba seva ya mteja ni salama.

Na muache kununua "kozi za udukuzi" kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimetumiwa moja nikaitazama. Mwalimu bado anawaambia wanafunzi waingie Kali kwa jina root na nywila toor, wakati tangu toleo la kwanza la mwaka 2020 jina ni kali na nywila ni kali. Mtu analipia hela ya kodi ya chumba kufundishwa kitu ambacho hakifunguki hata ukurasa wa kwanza. Kisha anaambiwa somo la mwisho ni kuingia akaunti ya mpenzi wake. Huo ni wizi juu ya wizi, na aliyelipa ndiye atakayeshikwa.

Ukishamaliza ya mtandao, DVWA, tovuti iliyojazwa udhaifu kwa makusudi, tayari imo ndani ya Metasploitable, fungua kwa kivinjari ujifunze ya tovuti. Halafu tengeneza mfumo wako mdogo, wa kikoba cha mama au madeni ya dukani, uuandike mwenyewe kwa PHP, uweke kwenye mashine pepe ya tatu na uushambulie. Ukitazama msimbo ulioandika mwenyewe unavyovunjika kwa alama moja ya nukuu, hutahitaji mtu akueleze SQL injection, kule kupenyeza amri kwenye hifadhidata, ni nini. Na kabla ya kila jaribio chukua snapushoti, nakala ya mashine pepe ilivyo wakati huo, hasa kwenye hizi nyumba zetu ambapo umeme unaondoka bila kuaga.

Wa RAM ya GB 4 mnaoniuliza mnunue kompyuta gani: msinunue kwanza. Metasploitable inaridhika na MB 512. Kali iacheni, wekeni Nmap moja kwa moja kwenye Windows yenu. Inakuja na Ncat, inayofanya kazi ile ya nc, ndani yake, na kwa poti 21 hamhitaji zaidi ya hapo.