Jibu: Majipu ya kwapa yanayorudi palepale
Pole dada. Umeuliza kama ukitumbuliwa tena yataisha. Kama daktari amethibitisha ni hidradenitisi (ugonjwa sugu wa ngozi unaoleta majipu yanayojirudia sehemu kama kwapani), hapana. Kukamua usaha kunatuliza maumivu kwa muda tu, kwa sababu vijia vilivyochimbika chini ya ngozi vinabaki. Vikiwa vichache, muulize daktari wa upasuaji kuhusu kufunua paa la kijia: anakata ngozi ya juu, anasafisha ndani, kidonda kinaachwa wazi kijae chenyewe kutoka chini. Mara nyingi ganzi ya sehemu inatosha. Kwapa lote likiharibika, hukatwa ngozi yote yenye ugonjwa, na pengine hupandikizwa nyingine kutoka pajani. Jiandae kufunga kidonda kwa bandeji wiki kadhaa. Na kama unavuta sigara, acha kabla ya kisu, inachelewesha kupona.