Maswali na Majibu: Safari ya Kikundi Kwenda Lugalo, Kalenga na Kongamano la Historia

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinahusu safari moja. Vikundi vya hapa Dodoma, Kongwa na Manyoni vinajiandaa kwenda Iringa kuyaona maeneo ambako Wahehe walipigana na Wajerumani kati ya mwaka 1891 na 1898, na kisha kuhudhuria kongamano la historia la siku mbili linaloandaliwa na chuo kimoja mjini humo. Nimechagua maswali sita na kuyafupisha bila kugusa maana yake.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja ya Nkuhungu. Tuko 40, walimu na wanafunzi. Tumepanga siku moja ya kwenda, siku mbili za kongamano, na Lugalo tutaipitia tukirudi. Je, ratiba inafaa?

Mwalimu, nakuomba uibadilishe mapema kabla hujalipia basi. Kwanza, Lugalo haiko njiani kwenu. Anayetoka Dodoma huingia Iringa kutoka kaskazini, kwa barabara ya Mtera yenye kilomita zipatazo 260, ilhali Lugalo iko mashariki mwa mji, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Kuipitia siku ya kurudi maana yake ni kwenda upande mwingine, kugeuza, kisha kuanza safari ndefu mchana ukiwa umekwisha.

Pili, kosa hilo nimewahi kulifanya mimi mwenyewe. Kikundi cha kwanza nilichokiongoza kilifika Lugalo saa saba mchana. Dereva hakuzima injini. Watu walishuka, wakapiga picha mbele ya mnara, wakarudi kwenye viti vyao ndani ya dakika kumi. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na pale alituuliza mbona tunaondoka kabla ya kupanda kule juu vichakani walikojificha wapiganaji. Sikuwa na jibu la kumpa, na njia nzima nilikuwa nikiwaza kwamba nimewaleta watu mbali kiasi kile ili waone saruji.

Tengeni siku tano, na maeneo ya vita yatangulie kongamano. Siku ya kwanza ondokeni alfajiri ili mfike Iringa mchana na kupumzika. Siku ya pili asubuhi nendeni Lugalo, ambako mapigano yalitokea tarehe 17 Agosti 1891, na alasiri mwende Kalenga, ngome iliyoangushwa tarehe 30 Oktoba 1894. Kalenga iko upande wa pili wa mji, kilomita zipatazo 15 kwa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Siku ya tatu endeleeni na barabara hiyo hiyo hadi Mlambalasi, ambako Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kwa mpangilio huo wanafunzi watapita katika miaka saba ya vita kwa mfuatano wake, na watakapoingia ukumbini siku ya nne na ya tano, mtoa mada akitaja Lugalo watakuwa wanapafahamu mahali penyewe. Mkimaliza kikao cha mwisho mapema mtarudi siku hiyo hiyo. Mkichelewa, laleni, mwondoke kesho yake.

Mkiwa Lugalo, nina zoezi moja la kukupa. Msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, ulikuwa na Wazungu 13, askari wapatao 320 na wapagazi wapatao 170, pamoja na punda na mizinga, na wote walipita katika njia nyembamba. Wapange watu wako 40 katika mstari mmoja, kila mmoja akiacha hatua mbili nyuma ya mwenzake, kisha mpime kwa kamba urefu wa mstari huo. Mkizidisha urefu huo mara kumi na mbili na nusu, kwa kuwa msafara ulikuwa na watu wapatao 500, mtaona kwamba aliyekuwa mbele hakuweza kumwona wala kumsikia aliyekuwa nyuma. Hapo swali la namna jeshi lenye bunduki za kisasa lilivyoshindwa kwa dakika chache na watu wenye mikuki linaanza kupata jibu ambalo ubaoni halipatikani. Wapiganaji wa Mkwawa, wanaokadiriwa kuwa 3,000, walijificha karibu na njia na kuuvamia msafara kutoka ubavuni, kabla bunduki hazijapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Mimi ni mstaafu, ninaishi Kikuyu hapa Dodoma. Wenzangu wanasema Lugalo hakuna kitu ila mnara ambao Wajerumani waliwajengea watu wao. Kwa nini tufunge safari kwenda kuwapa heshima waliotuvamia?

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni zito na sitalipita juu juu. Ni kweli kwamba mnara ule ni kumbukumbu ya waliokufa upande wa Wajerumani. Zelewski aliuawa pale pamoja na Wazungu wengine tisa, baada ya kuchoma vijiji vya Wahehe akiwa njiani, na hakuna anayekuomba umwinamie.

Lakini katika msafara ule Wazungu hawakufika hata 15. Waliobaki ni Waafrika: askari wa Kisudani, Wazulu walioajiriwa kutoka kusini, na wapagazi ambao kazi yao ilikuwa kubeba mizigo ya mtu mwingine kwenye vita ya mtu mwingine. Wapagazi wapatao 100 walikufa siku ile. Upande wa Wahehe nao walikufa watu wengi, na mnara ule haukuwekwa kwa ajili yao. Mimi ninapokwenda Lugalo huwa nasimama hapo kwanza, nasoma, kisha nauacha mnara na kutembea katika nyasi nikiwakumbuka wasiotajwa. Kikundi cha wazee kama chenu kinaweza kutoa dua au sala ya pamoja kwa ajili yao. Nimewahi kuona jambo hilo likifanyika kwa Kiislamu na kwa Kikristo, mmoja baada ya mwingine, na halikuchukua hata robo saa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha utamaduni Kongwa. Tupange vipi usafiri na michango?

Kodini gari lenye leseni ya LATRA na bima hai ya abiria, na mzione nyaraka hizo kwa macho yenu kabla ya kutoa malipo ya awali. Mkataba uandikwe, na ndani yake zitajwe safari za Lugalo, Kalenga na Mlambalasi kwa majina. Dereva aliyekubaliana nanyi “Dodoma, Iringa na kurudi” ana haki ya kudai nyongeza mtakapomwambia aingie njia ya Mlambalasi. Coaster moja inawatosha watu 25 wakiwa na mizigo midogo. Mkizidi hapo, basi kubwa ni nafuu kuliko Coaster mbili.

Michango ipitie kwa mweka hazina mmoja, kila anayetoa apewe risiti, na tarehe ya mwisho iwe mwezi mzima kabla ya safari. Viingilio vya makumbusho kwa Watanzania ni vya chini kuliko vya wageni, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho chake cha taifa. Wenye wanafunzi wawe na kibali cha maandishi cha mkuu wa shule na cha kila mzazi.

Ninasoma shahada ya kwanza ya Historia chuoni hapa Dodoma. Nataka kuwasilisha mada katika kongamano hilo, lakini naogopa maprofesa. Nianzie wapi?

Anza na ikisiri, yaani maelezo mafupi ya mada yako, ambayo kwa kawaida hayazidi maneno 300. Ndani yake sema swali lako ni lipi, umetumia ushahidi gani, na umefikia hitimisho gani. Waandaaji husoma ikisiri nyingi, na nyingi kati ya hizo hukataliwa kwa sababu mwandishi ametangaza kwamba atazungumzia “umuhimu wa Mkwawa katika historia ya Tanzania”. Hilo si swali. Swali ni kama hili: kwa nini ngome ya Kalenga, iliyojengwa kwa miaka mingi, iliangushwa kwa siku chache, ilhali Mkwawa aliendelea kupigana porini bila ngome kwa karibu miaka minne? Ukilijibu hilo kwa ushahidi, hakuna profesa atakayekudharau.

Kuhusu ushahidi, chukua pande zote. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zinahifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani. Kwa upande wa simulizi, usiende Kalenga ukiwa na simu ya kurekodia tu. Nenda na barua ya chuo, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji, na uombe kuelekezwa kwa wazee wanaokubalika kusimulia. Mwache mzee aanze anapotaka. Mara nyingi ataanza na nasaba, babu wa babu, nawe utaona kama anakupotezea muda, lakini ni katika nasaba hiyo ndipo utakapojua yeye anasimama upande gani wa ukoo na kwa nini anamsifu huyu na kumnyamazia yule. Kumbuka kwamba Wajerumani walimweka Mpangile, ndugu wa Mkwawa, kuwa mtawala, kisha wakamnyonga mwaka 1897. Jambo la namna hiyo haliulizwi kwa pupa.

Siku ya kuwasilisha, muda ni dakika 15 au 20, na mwenyekiti atakukatisha. Soma mada yako kwa sauti nyumbani mara tatu ukiwa na saa mkononi.

Mwanangu wa darasa la saba yumo katika safari hiyo. Nasikia Kalenga wanaonyesha fuvu la kichwa cha mtu. Je, ni jambo la kumwonyesha mtoto? Na ni kweli ni la Mkwawa?

Mama, ni kweli kwamba fuvu lipo, ndani ya kisanduku cha kioo katika makumbusho madogo ya Kalenga. Chumba hakina ukubwa wa kutisha, na kila mara nilipokuwa na watoto mle ndani nimeona wakinyamaza wenyewe kabla ya kuambiwa. Kinachomtisha mtoto ni kukutana na kitu hicho bila kuandaliwa. Mweleze nyumbani kabla ya safari.

Mweleze hivi: Wajerumani waliahidi zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Alipojiua, kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika makumbusho ya Bremen, kulikokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa ukoo wa Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Kama ni lake hasa, wanahistoria wameendelea kutia shaka, kwa kuwa vipimo vya namna ile haviwezi kumtambulisha mtu mmoja. Ukoo ulilipokea, na kwa wageni hilo linatosha kuwapa adabu. Mwanao avue kofia, asipige picha mpaka aruhusiwe, na asicheke. Jambo linalonigusa zaidi ni yale mafuvu mengine ya Bremen. Kila moja lilikuwa la mtu mwenye mama yake, na mengi hayakuwa na mkataba wa kimataifa wa kuyadai. Mtoto wa darasa la saba anaweza kabisa kulielewa jambo hilo.

Mfungie pia sweta nzito. Iringa iko juu ya mita 1,500, na Juni hadi Agosti baridi yake si ya hapa Dodoma.

Tuko Manyoni, fedha ni kidogo na baadhi yetu magoti hayaruhusu kupanda vilima. Je, hakuna uwanja wa vita ulio karibu?

Upo, na mara nyingi tunausahau. Mwezi Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini yaliyopigana upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa, yakiwa yamechoka kwa mvua na yamepoteza farasi wengi kwa maradhi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia akashindwa kuwaondoa. Mwishoni mwa Julai mwaka huo, reli ya kati hapa Dodoma ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kondoa iko kilomita zipatazo 160 kutoka Dodoma kwa lami, na mkisogea mbele hadi Kolo mnaweza kuzungumza na waongozaji wa michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kufika kwenye michoro yenyewe kunahitaji kupanda, kwa hiyo wenye magoti wabaki chini kwenye kituo.

Kwa ninyi wa Ugogo, hata hivyo, vita ile iliacha uwanja mwingine usio na mnara. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana, na kati ya mwaka 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Kabla ya kukodi gari, kaeni jioni moja na wazee wenu hapo Manyoni, muulize walisikia nini kwa wazazi wao kuhusu Mtunya: walikula nini, walikimbilia kwa nani, nani hakurudi kutoka upagazini. Andikeni majina na vijiji. Kongamano hupokea pia mada za vikundi vya kijamii, na mwisho wa kupokea ikisiri huwa wiki kadhaa kabla ya kikao, kwa hiyo anzeni wiki hii.