Nyuzi nyeupe chini ya michungwa: usimwage dawa

Mkuu, umeuliza kama nyuzi nyeupe ulizozikuta chini ya majani makavu shambani kwako ni ugonjwa, na kama umwage kopa, ile dawa ya shaba ya kuua kuvu, ardhini. Usimwage. Nina michungwa Muheza, na hali hiyo naijua vizuri.

Shamba letu lina pande mbili. Bondeni tulikuwa tunalima kwa jembe kila msimu hadi kwenye mashina, mahindi katikati, magugu yakizidi tunapiga dawa. Juu, marehemu baba alikataa jembe kabisa. Alikuwa anafyeka tu, nyasi anaziacha zilale palepale. Ukifukua kwa kidole huko juu unakuta udongo mweusi, chembechembe kama machicha ya nazi, na vijizizi vya mchungwa vimepanda vyenyewe hadi kwenye majani yanayooza. Bondeni udongo umeganda, kijizizi hukipati mpaka uchimbe.

Nyuzi unazoziona ni kuvu zinazoozesha majani, hazina ugomvi na mti. Zipo nyingine usizoziona kwa macho, mikoriza, zinazoishi ndani ya mizizi hai. Mchungwa una vinyweleo vya mizizi vichache na vifupi, kwa hiyo unazitegemea mno ziuletee fosforasi kutoka pale mizizi isipofika, nao unazilisha sukari. Jembe linakata nyuzi zao. Ukizidisha TSP, mbolea yenye fosforasi nyingi, mti unaacha kuzikaribisha. Marekani, vitalu vya michungwa vilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi ili kuua magonjwa ya udongoni, miche ikadumaa. Mwaka 1972 watafiti Kleinschmidt na Gerdemann walionyesha kwamba kilichokosekana ni mikoriza. Hilo ndilo linalonifanya nikuombe uachane na kumwaga hiyo kopa.

Adui wa kweli ni faitofthora, kimelea cha udongoni anayeozesha shina chini na kulifanya litoe gundi. Huyu anapenda maji yaliyotuama, mbegu zake zinaogelea. Mimi nilimpa nafasi mwenyewe: nilipoanza kumuiga baba kule bondeni nililundika nyasi hadi zikagusa magome. Masika ile miti mitatu ikatoa gundi. Nilikwangua gome kwa kisu, chini yake kahawia, limelowa. Mmoja ulikufa. Siku hizi naacha nafasi ya mkono mzima kati ya nyasi na shina, nimechimba mfereji wa kutoa maji, na kopa naipaka kwenye kidonda tu. Ukiimwaga ardhini haiozi, inajilundika mwaka hadi mwaka.

Ukiongeza miche, uliza imebebeshwa, yaani imeunganishwa, juu ya shina la mti gani. Mlimau mkali unakua haraka lakini gundi inauwahi. Mdanzi, yaani mchungwa mchungu, unastahimili zaidi. Ukipanda, kiungo, pale ulipobebeshewa mche, kibaki juu ya udongo.

Bondeni huu ni mwaka wa tatu bila jembe. Miaka miwili ya kwanza matunda hayakubadilika, nisikudanganye. Mwaka huu vijizizi vimeanza kupanda juu, na majani ya kiangazi hayakujikunja kama zamani. Katikati nimebadilisha mahindi na kunde, nachoma vishimo tu bila kutifua.

Kesho asubuhi nenda kwenye mti unaokutia wasiwasi, ondoa udongo kidogo shinani, kwangua gome kwa ncha ya kisu. Likiwa kijani au jeupe, funika uondoke. Likiwa kahawia, piga picha uiweke hapa tuione.