Mpango wa Kozi za Hisabati Uanzie Mwaka wa Mwisho

Usiku niliosajili kozi za mwaka wangu wa pili wa shahada ya hisabati nilikuwa nyumbani Wete, msimu wa karafuu umepamba moto, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa saa sita. Nilikuwa nimekaa jamvini na bibi tukichambua karafuu, vidole vinanata, simu nimeiegemeza kwenye pishi kwa kuwa hapo tu ndipo iliposhika mtandao. Nilipomsomea majina ya kozi nilizozichagua, moja tu ndiyo iliyomfanya ainue kichwa. "Uchambuzi wa Namba Halisi? Uchambuzi huu wa makonyo haukukutosha, mjukuu wangu, mpaka ukautafute Unguja?" Tulicheka, nikabonyeza kitufe cha kuthibitisha, na kozi ile nikaifeli.

Simlaumu mhadhiri. Niliichagua kwa sababu kipindi chake kilikuwa saa nne asubuhi na wenzangu watatu walikuwa wameshaichukua, ilhali kozi ya mantiki, seti na uthibitisho, ambayo ilipaswa kuitangulia, nilikuwa nimeiahirisha kwa kuiona nyepesi: haikuwa na namba za kukokotoa. Mfumo haukunizuia, nami nikachukulia kwamba kisichozuiliwa kinafaa.

Nilichokikuta darasani nitakieleza kwa kirefu kidogo, maana wengi wanaotoka skuli na alama nzuri za Hisabati ya Juu hujikwaa hapo hapo. Nilijua kutafuta vikomo, yaani thamani ambazo fankisheni huzikaribia, tangu kidato cha tano, lakini hapa tulitakiwa tuvithibitishe: kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri (tofauti inayoruhusiwa na kikomo), ipo delta iliyo kubwa kuliko sifuri (umbali kutoka kwenye nukta) inayoitosheleza. Mimi katika zoezi la kwanza niligeuza mpangilio, nikaandika kwamba ipo delta moja inayotosha kwa kila epsiloni, nikidhani ni maneno yale yale. Siyo. Kwa maana niliyoiandika, fankisheni italazimika kuwa na thamani moja tu isiyobadilika karibu na nukta husika, hata y = x, ambayo mtoto wa sekondari anaichora, ikose kikomo. Kosa kama hilo ndilo linalorekebishwa katika kozi ya mantiki, niliyokuwa nimeiacha.

Kwa hiyo ninamshauri anayepanga kozi za mwakani aanzie mwisho. Achukue orodha ya kozi za mwaka wa tatu, achague zile anazozitaka kwa dhati, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua akiuliza kila moja inasimama juu ya nini. Anayetaka topolojia au uchambuzi changamano atajikuta amerudi kwenye uchambuzi wa namba halisi, na kutoka hapo kwenye mantiki na seti. Anayetaka kutatua mifumo ya milinganyo tofautishi atakuta anahitaji thamani za aigeni, yaani namba maalumu zinazotokana na matrisi, na hizo zinafundishwa katika aljebra ya mstari. Ipo pia minyororo ambayo haionekani kwenye orodha. Kozi ya uwezekano, kwa mfano, inaweza kuandikwa kwamba inahitaji kalkulasi tu, lakini ikifika kwenye vigeu viwili vya nasibu kwa pamoja utatakiwa ufanye integrali ya vigeu viwili, mada ambayo aliyesoma kalkulasi ya mwanzo peke yake bado hajaiona. Mambo haya yanajulikana kwa kumuuliza aliyetangulia mwaka mmoja, tena umwombe daftari lake, siyo maoni yake. Maoni ya wanafunzi kuhusu kozi mara nyingi ni maoni kuhusu mhadhiri.

Uangalie vile vile kozi inatolewa muhula gani. Kozi nyingi za hisabati hutolewa mara moja kwa mwaka, hivyo anayeikosa ya chini ya mnyororo huchelewesha zote zilizo juu yake. Mimi nilishindwa mtihani, nikashindwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, nikaungoja mwaka mzima kuirudia.

Kuhusu wingi wa kozi, hesabu ni rahisi na watu hawaifanyi. Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwemo za mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa muhula wa wiki 15, utapata saa 8 kila wiki kwa kozi moja, na kozi tano za namna hiyo ni saa 40. Anayekaa mbali na chuo aongeze saa za kusubiri daladala. Kozi mbili za uthibitisho kwa muhula mmoja zinabebeka. Tatu sikupata kumwona aliyezibeba vizuri, na wapo waliokuwa hodari kuliko mimi.

Wanaosomea ualimu, wenye hisabati pamoja na fizikia au kompyuta, wazipange ratiba za idara zote mbili ubavu kwa ubavu kabla ya kusajili, kwani idara hizo huweza kuweka vipindi vya lazima saa ile ile.

Ada na namba ya malipo zishughulikiwe mapema, na usajili usiachwe hadi usiku wa mwisho, hasa kwa aliyeko kijijini ambako umeme ukikatika na mtandao huondoka. Ukishasajili, hifadhi nakala ya fomu. Kisha utumie vizuri zile wiki za mwanzo ambazo chuo huruhusu kuongeza au kuacha kozi: hudhuria, pokea karatasi ya kwanza ya mazoezi, kaa nayo jioni mbili bila kumtazamia mwenzako. Ikiwa hata kuanza hujui, na si kwamba umekwama katikati, nenda kwa mkuu wa idara na fomu ya kuacha kozi kabla kipindi hicho hakijafungwa.