Risasi nzito si dawa ya upepo

SWALI: Nina bunduki ya kaliba ya .308 Winchester na kwa miaka mitatu nimepiga shabaha mpaka mita 600. Sasa uwanja wetu umefungua mstari wa mita 1,000. Mwenzangu ananihimiza ninunue kaliba kubwa zaidi, .338 Lapua Magnum, au hata .50 BMG nikiweza, kwa kuwa risasi nzito upepo hauiwezi. Muuzaji naye kanionyesha karatasi ya mita 100 yenye matundu matatu yaliyogusana, na ananiuzia risasi alizojaza baruti mwenyewe. Nichukue ipi?

JIBU: Kwa sababu hizo, usichukue yoyote.

Tuanze na huo upepo, maana ndiko watu wengi wanakopotelea. Risasi haisukumwi pembeni kwa kuwa nyepesi tu. Inasukumwa kwa kadiri hewa inavyoichelewesha njiani, na kuchelewa huko kunategemea mwendo wake, jinsi umbo lake linavyopasua hewa, na uzito wake ukilinganishwa na unene wake. Chukua .308 yenye kichwa (kipande kinachoruka) cha gramu 11.3, inayotoka kwa mita 790 kwa sekunde. Upepo wa ubavuni wa mita 4.5 kwa sekunde utaihamisha kiasi cha mita 2.3 ikifika yadi 1,000, yaani mita 914. Kichwa kirefu cha kaliba nyembamba zaidi, 6.5 Creedmoor, gramu 9.1 tu, kitahama kama mita 1.7. Kilicho chepesi ndicho kilichohama kidogo! Ni kweli .338 yenye kichwa cha gramu 19.4 hushuka mpaka karibu mita 1.3, lakini kosa lako la mita 1 kwa sekunde katika kusoma upepo bado litakugharimu karibu sentimita 30. Hakuna bunduki inayokusomea upepo.

Ukishikilia risasi kubwa, jua unanunua na teke lake, yaani bunduki kukurudia begani kwa nguvu. Ganda la .50 BMG hubeba takriban gramu 14 za baruti, wakati la .308 halifiki gramu 3. Mwili ukishaonja teke hilo huanza kujikinga kabla ya mlio: jicho linafumba, kidole kinavuta kwa pupa, bega linasukuma mbele. Mpigaji analaumu darubini. Mwombe mwenzako akuchanganyie risasi bandia kati ya zile halisi bila wewe kujua. Mdomo wa mtutu ukiinama pale isipolia, tatizo umelipata. Tena risasi nyingi za .50 zinazouzwa rahisi zilitengenezwa kwa bunduki kubwa za rashasha, hazikutengenezwa kwa kundi dogo la matundu. Na ile breki ya mdomo wa mtutu inayopunguza teke huurudisha mlio kwako na kwa jirani, kwa hiyo vaa vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili.

Uliza pia unataka kushindana wapi. Katika F-Class ya kimataifa, mashindano ya kulenga shabaha za mbali, daraja la F-TR linakubali .223 Remington na .308 Winchester peke yake, bunduki nzima isizidi kilo 8.25. Daraja jingine, F-Open, linakubali kaliba (kipenyo cha kichwa) mpaka milimita 8, na .338 ina kichwa cha milimita 8.6. Wapo waliolijua hilo baada ya kulipa. Uwanja wenyewe nao una kikomo cha nguvu ya risasi ambayo tuta la nyuma na eneo la hatari vimeruhusiwa kupokea.

Kwa mita 1,000, ushauri wangu ni 6.5 Creedmoor yenye mtutu unaoizungusha risasi mara 1 kwa kila inchi 8, au ubaki na .308 kama lengo lako ni F-TR. Jua tu kwamba .308 ya gramu 11.3 ikifika mita 1,000 imeshuka karibu na mwendo wa sauti, kama mita 340 kwa sekunde, na hapo vichwa vingine huanza kuyumba. Kwa .308 hiyo darubini itahitaji kupandishwa takriban mili 13 (mili ni kipimo cha pembe, mita 1 kwa kila mita 1,000), hivyo ifunge juu ya reli yenye mwinamo wa dakika 20 za pembe. Mtutu wa Creedmoor huanza kuchoka karibu na risasi 2,500, wa .308 huvuka 5,000. Kaliba za magnum, kama hiyo .338, ziachie umbali unaozidi mita 1,200.

Sasa ile karatasi. Matundu matatu hayathibitishi kitu. Bunduki ileile inayotoa wastani wa milimita 20 kwa risasi tatu itatoa milimita 32 hivi kwa risasi kumi, bila chochote kuharibika. Anayekuonyesha tatu amechagua tatu. Mdai makundi mawili ya risasi kumi kumi, yaliyopigwa mfululizo, pamoja na mwendo wa kila risasi kutoka kwenye kipima mwendo. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi mbili za .308 inaleta zaidi ya sentimita 30 za juu na chini kwenye mita 1,000, na kwenye mita 100 huioni kabisa.

Hizo risasi za kujaziwa mkononi ndizo zinazonikasirisha kuliko yote. Mtu anakuuzia kopo lisilo na jina la baruti, uzito wake wala urefu wa risasi, anasema "ni siri yangu, zinaingia tundu moja." Kipimo kilichokuwa salama katika mtutu wake kinaweza kupandisha shinikizo kupita kiasi katika wako, kwa sababu chemba, yaani vyumba vya mtutu vinavyokaa risasi, hazilingani, na jua kali huongeza shinikizo hilo kwa baruti nyingi. Usizipige, hata moja ya kujaribu. Na hata kwa risasi za kiwandani, ukiona fataki ya kitakoni mwa ganda imebapaa hadi kingo zimepotea, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, au boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, imekuwa nzito kufungua, acha kupiga hapohapo, toa risasi zote, na umpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni bunduki pamoja na maganda uliyokwisha kupiga.