Laptopu inawaka taa, feni inazunguka, skrini nyeusi: kweli ni mazabodi?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Pangani. Nina HP EliteBook 8460p niliyonunua mtumba na siku zote imenifanyia kazi vizuri tu. Juzi umeme ulikatika ukarudi, kuja kuiwasha taa inawaka, feni nasikia inazunguka ila skrini nyeusi tii, na taa ya Caps Lock inawaka inazima inawaka inazima. Fundi wa hapa kaiangalia juu juu akasema mazabodi imekufa, nitoe laki na themanini. Humo ndani kuna mitihani na alama zote za kidato cha nne. Nifanyeje?

JIBU: Salama kabisa mwalimu, na pole sana kwa usumbufu. Kwanza hiyo laki na themanini irudishe mfukoni, na laptopu usimwachie mtu mpaka umalize kusoma hapa. Hizi mashine natengeneza kila siku na ugonjwa ulioueleza naupokea sana mezani, mara nyingi mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vitu vyote vya ndani) haihusiki kabisa. Halafu bahati nzuri hiyo Caps Lock inayowaka na kuzima ndo mashine yenyewe inakutajia inapoumwa, kinachotakiwa ni kuhesabu tu.

HP za maofisini za miaka ile (yako ilitoka 2011) zikishindwa kuamka zinatumia taa ya Caps Lock na Num Lock kutoa namba. Iwashe, tulia, hesabu taa imewaka mara ngapi kabla haijapumzika na kuanza upya. Ikiwaka mara moja ni prosesa (ubongo wa mashine), mbili ni BIOS (programu ndogo ya ndani inayoiamsha mashine) imeharibika, tatu ni RAM (kumbukumbu ya muda), nne ni upande wa picha yaani grafiksi, tano ndo mazabodi, na sita BIOS imeshindwa kupita ukaguzi wake wa usalama. Hesabu tena na tena mpaka upate namba ileile, andika kwenye karatasi. Mtu akikwambia mazabodi imekufa muulize umehesabu ngapi, kama hana jibu basi kabahatisha na hela inayoenda ni yako.

Sasa kabla ya kufungua chochote fanya hili kwanza maana ni bure na kwa mashine iliyopigwa na umeme kukatika na kurudi linafufua nyingi. Chomoa chaja, toa betri (yako inatoka kwa nje huku chini, hauhitaji bisibisi), chomoa flashi, mausi, kila kitu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30 bila kuachia. Ule umeme uliobaki ndani unaisha, na kile kichipu kinachosimamia mambo ya kuwasha na kuzima ambacho kilikuwa kimeganda kinaanza upya. Usirudishe betri bado, chomeka chaja peke yake, washa. Ikiwaka kawaida na ukirudisha betri ikagoma basi betri ndo mbaya, mazabodi yako nzima.

Hapohapo angalia na chaja. Ya HP ya umri huo ina kipini chembamba katikati ya kichwa, kikipinda au kikikatika mashine haiitambui chaja vizuri. Kwenye kibandiko chake soma iwe 18.5V au 19V au 19.5V, na isiwe chini ya wati 65. Hizi chaja za kichwa kimoja kwa laptopu zote zinazouzwa bei chee mimi sizipendi kabisa.

Kama bado iko vilevile twende kwenye RAM, na hapa mwalimu uwe na subira kwa sababu kwa mtu anayeishi karibu na bahari kama wewe hapa ndo penyewe. Hewa ya Pangani ina chumvi na unyevu, mashine ikikaa miaka ule mstari wa dhahabu chini ya kipande cha RAM unafubaa, unapata kama kivuli cha kahawia, mahali pengine unaona kabisa ukijani, na hapo RAM ni nzima ila haigusani vizuri na sloti yake. Chaja na betri vikiwa vimetoka fungua kifuniko cha chini, shika kidogo chuma chochote kisichopakwa rangi ili utoe umeme wa mwilini, kisha sukuma vile vishikizo viwili vya pembeni kwa nje kwa pamoja na RAM itanyanyuka yenyewe imesimama mshazari, ivute taratibu kwa kushika kingo zake. Usiguse dhahabu kwa vidole. Chukua kifutio cheupe laini, kile kile cha wanafunzi wako, sugua dhahabu pande zote mbili kuelekea nje mpaka ing'ae, pangusa mabaki ya kifutio kwa kitambaa kikavu, kama una spiriti safi ya kusafishia vifaa paka kidogo uache ikauke kabisa. Kwenye sloti yenyewe usiingize kitu, puliza vumbi kwa blowa ndogo au brashi kavu, sio kwa mdomo maana mdomo unatoa mate. Kurudisha unaingiza kwa mshazari uleule, sukuma mpaka dhahabu karibu yote imezama, ndo unalaza chini mpaka usikie vishikizo vimelia ta pande zote mbili, kikilia kimoja tu haijakaa hiyo.

Kama zipo mbili washa na moja, ikigoma ihamishie sloti nyingine, kisha jaribu na ile ya pili. Ukifungua ukaona moja tu usishangae, laptopu kadhaa za umri huo zina sloti nyingine imefichwa chini ya kibodi. Na ukiiwasha baada ya kuchezea RAM ipe kama dakika nzima usiizime kwa haraka, inaweza kuzima na kuwaka yenyewe mara moja ikiwa inajipanga. Ikibidi kununua, taka DDR3 ya laptopu, kwenye kibandiko utaona PC3-10600S au PC3-12800S, ile ya PC3L nayo kwa kawaida inakubali, DDR4 hata usihangaike nayo haiingii.

Namba zingine nazipitia haraka. Ikiwa mbili, BIOS inarudishwa: unaandaa faili la BIOS la modeli yako kutoka tovuti ya HP, kwenye flashi iliyoformatiwa kwa mtindo wa FAT32, kisha unashikilia vitufe vya Windows na B kwa pamoja huku unawasha, chaja ikiwa imechomekwa. Isipokubali fundi mwenye mashine ya kuprogramia chipu anaiandika upya, na hiyo haifiki bei uliyotajiwa. Ikiwa nne kaa chonjo na mtu atakayekwambia anaipasha moto chipu ya picha kwa hita na itapona, inaweza kuwaka kweli, utalipa, na baada ya muda mfupi inarudi palepale, mimi kazi hiyo siifanyi wala simshauri mtu. Ikiwa tano ndo unatafuta fundi, ila awe wa kupima kwa mita, aweze kukuonyesha wapi kuna shoti, kwa sababu hata hapo mara nyingine ni kapasita moja tu (kidude kidogo kinachotunza umeme) imekufa na inabadilishwa bila kugusa kingine.

Na kama namba hazitoki kabisa, taa imetulia na unahisi kama Windows inaanza, hilo ni jambo la skrini. Mulika tochi kwa ubavu, ukiona maandishi kwa mbali taa ya skrini imekufa, au chomeka projekta ya shule kwenye tundu la VGA (la kutolea picha) uone kama picha inatoka.

Sasa mitihani yako, na hili nalisema kwa mkazo. Mafaili hayakai kwenye mazabodi, yako kwenye diski, na hata mazabodi ikifa kabisa diski inaweza kuwa nzima haina habari. Itoe (skrubu zake chache, iko hukohuko chini), ni ya inchi 2.5 ya SATA, nunua kava lake la USB au waya wa SATA kwenda USB, chomeka kwenye kompyuta nyingine ya shule na mafaili yako utayaona kwenye folda ya Users. Kompyuta ikikuuliza kama iformati hiyo diski usikubali kamwe, bonyeza hapana uichomoe. Ukisikia inalia tik tik tik usiendelee kuijaribu, kila ukiichomeka unaiumiza zaidi, hiyo mpe mtu wa kuokoa data moja kwa moja. Na mashine ikienda kwa fundi yeyote, hata mimi, diski ibaki nyumbani kwako, fundi wa mazabodi haihitaji kujua kama mashine inaamka.

Ikishawaka ukaona tarehe imerudi miaka ya nyuma badilisha kile kibetri cha BIOS cha volti 3, ni hela ndogo. Diski ikiwa bado ni ile ya kuzunguka weka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), utaiona mashine tofauti kabisa. Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi cha pili uliyonayo, na Windows 10 muda wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kwa kazi ya kuandika mitihani fikiria Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia), inaenda vizuri kwa RAM ya 4GB.

Anza na diski leo mwalimu, mitihani ikishakuwa salama ndo uendelee na hayo mengine. Kisha niandikie Caps Lock imewaka mara ngapi, ulizikuta RAM ngapi na zimeandikwa nini, nitakwambia pa kuendelea.